Fundi, usinipigie Windows

Nasema hivi, na anayetaka kununa anune: fundi wa kompyuta anayekwambia "hapa ni kupiga Windows upya tu" kabla hajaiwasha mashine yako kwa mfumo mwingine wowote, huyo hajui tatizo liko wapi. Anabahatisha. Na anabahatisha kwa mafaili yako, siyo ya kwake.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari laptopu yake ilianza kujizima katikati ya kazi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaitazama dakika mbili, akasema Windows imekufa, toa elfu thelathini. Jioni ikarudi safi kabisa, safi mno: miaka miwili ya rekodi za mahojiano na picha za safari za mikoani, hamna. Siku ya tatu ikajizima tena. Tukaiwasha kwa diski ninayotaka kuisema leo, tukaendesha kipimo cha RAM kiitwacho Memtest86+, na hata mzunguko wa kwanza haukuisha kabla skrini haijajaa mistari myekundu. Ilikuwa RAM. Kipande kidogo unachokichomoa kwa vidole. Mafaili yale hayakuhusika hata kidogo, lakini ndiyo yaliyochinjwa.

Hasira yangu ndiyo hiyo. Kompyuta ina mambo mawili, vifaa na programu, na ikisumbua swali la kwanza ni moja tu: kilichoharibika ni kifaa au ni programu? Kuna njia ya kulijibu kwa dakika kumi bila kugusa hata herufi moja ya mafaili yako. Njia hiyo ipo tangu sisi tukiwa shule ya msingi, ni ya bure, na bado tunalipa watu waturuke swali lenyewe.

Naiita diski hai. Ni mfumo endeshi mzima uliowekwa kwenye sidii, DVD au flashi, unaowaka na kufanya kazi kutoka humo humo bila kusakinishwa. Unawasha mashine huku unabonyeza kitufe cha kuchagua ianzie wapi (Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni F9), unachagua flashi, mfumo unapanda kwenye RAM na unafanya kazi. Diski ya ndani inakaa kama ilivyo mpaka wewe mwenyewe uamue kuifungua. Ukizima, yote yaliyokuwa kwenye RAM yanapotea.

Jambo hili si geni. Yggdrasil Linux ilikuwa ikiwaka kutoka kwenye sidii mwaka 1992. Lakini aliyelifanya likapendwa na watu ni mhandisi wa Ujerumani, Klaus Knopper, aliyetoa Knoppix mwaka 2000. Sidii inabeba MB 700. Knopper akabana programu zenye ukubwa wa kama GB 2 zikaenea humo, zinafunguliwa papo hapo kadiri zinavyohitajika. Pia mfumo wake uliweza kutambua wenyewe kadi ya sauti, kadi ya mtandao na skrini. Kwa miaka ile, mtu aliyezoea kuhangaika na madreva ya Windows siku nzima, huo ulikuwa muujiza. Kisha Ubuntu ikaja mwaka 2004, na kuanzia 2005 mpaka 2011 waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wanakutumia sidii kwa posta, bure, popote ulipo duniani. Bure, jamani! Na stempu wamelipa wao.

Sasa twende Kariakoo, maana huko ndiko tunakoibiwa zaidi. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba. Hilo si kosa, nyingine ni mashine nzuri kuliko hizo mpya za bei rahisi. Lakini tunazinunuaje? Muuzaji anaiwasha, unaona picha nzuri ya ufukwe, unafungua kile kidirisha cha Windows kinachotaja prosesa na RAM, unatikisa kichwa kama mtaalamu, unatoa laki nne. Ndugu yangu, ile Windows kaiweka yeye. Kidirisha kile kinaweza kuchezewa. Umemwomba mtuhumiwa akuandikie hati ya upelelezi.

Njoo na flashi yako. Iwashe mashine yake kwa mfumo wako. Hapo amri ya lscpu inakwambia prosesa ni ipi, dmidecode inakwambia vipande vya RAM ni vingapi na kila kimoja kina ukubwa gani, na smartctl inasoma kumbukumbu ambayo diski ya ndani inajiandikia yenyewe tangu ilipotoka kiwandani. Hii ya mwisho ndiyo tamu. Tafuta mstari wa Power_On_Hours, yaani saa ambazo diski imekaa ikiwaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo ukiona 40,000, hiyo diski imekesha zaidi ya miaka minne na nusu, hata kama ganda la laptopu linang'aa kama kioo cha saluni. Kisha tazama Current_Pending_Sector, sekta ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Kwenye diski za sahani hiyo namba nataka niione sifuri. Ikiwa siyo sifuri, sinunui, na nikishushiwa bei bado sinunui.

Huo usomaji nao si msahafu. Mwanzoni mwa 2025, Heise ya Ujerumani iliripoti diski za Seagate zilizokuwa zikiuzwa kama mpya wakati zilishafanya kazi maelfu ya saa. Kumbukumbu yake ya kawaida ilikuwa imefutwa. Waliozikamata walisoma kumbukumbu nyingine ya ndani zaidi iitwayo FARM, ambayo matapeli hawakuigusa. Na smartctl za matoleo mapya zinaisoma pia. Unaona? Hata Ulaya mnunuzi anapigwa, ila kule kuna mtu alipima.

Hapo sijagusa kibodi, kamera, Wi-Fi, spika na betri, ambavyo vyote unavijaribu ndani ya mfumo huo huo ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki cha muuzaji. Kama Wi-Fi inakamata kwenye Windows lakini haikamati kwenye diski hai, usikimbilie kumwita mtu mwizi, huenda dreva tu haipo. Lakini RAM iliyotoa makosa haina utetezi.

Nina neno pia na sisi wapenzi wa mashine. Tunajua kizazi cha kila prosesa, tunabishana usiku kucha kuhusu kadi za picha, tunatazama video za watu wa Marekani wakijenga kompyuta za bei ya kiwanja Chanika. Wangapi kati yetu wana flashi moja ya kupimia mfukoni? Ushabiki wa gari bila kujua kufungua boneti. Mashine uliyoijenga juzi huijui mpaka umeikalisha kwenye Memtest86+ usiku mzima na kuikimbiza prosesa kwa stress-ng huku unatazama joto. Na uifanye kazi hiyo kutoka kwenye diski hai, kabla hujaweka kitu chako chochote humo ndani, kwa sababu RAM mbovu inaharibu mafaili kimya kimya wakati inayaandika.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu, Kiingereza kitupu, mtu wa kawaida atayaweza wapi. Sikubali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili. Hapa hapa Dar. Waliofanya ile kazi walitafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Kushindwa kwetu kumetokana na somo la kompyuta kugeuzwa kuwa somo la kubonyeza menyu za Word. Nimemaliza chuo na watu wenye digrii nzuri ambao hawajui kwamba kompyuta inaweza kuwaka bila Windows. Fundi anaishi kwa kutojua huko, na simlaumu peke yake.

Pingamizi moja nalikubali. Laptopu nyingi mpya diski yake imefungwa kwa BitLocker, na bila ufunguo wa kurejesha diski hai haitakuonyesha faili hata moja. Basi tafuta ufunguo wako leo, kwenye akaunti yako ya Microsoft, kabla mashine haijagoma. Zipo pia mashine zinazokataa flashi fulani kwa sababu ya Secure Boot. Ubuntu na Linux Mint kwa kawaida zinapita.

Na kwa wale wenye laptopu walizoambiwa zimekufa rasmi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kizazi cha nane cha Intel. Kwa hiyo kuna mashine nzima, zenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine zinavunjwa vipande. Kabla hujaiuza ya kwako, iwashe kwa Mint kwenye flashi. Ifanyie kazi wiki moja bila kusakinisha kitu. Andika, sikiliza muziki, fungua barua pepe. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, hiyo vumilia.

Ninazo nakala za SystemRescue, Mint na Memtest86+, zote zimewekwa kwenye flashi moja kwa programu ya Ventoy. Anayetaka tuonane, aje na flashi ya GB 16, nitamnakilia bila senti. Tutaanza kwa kuipima hiyo flashi kwa F3, maana flashi za mtaani zinazojiita GB 16 huku ndani zina GB 4 tumezikuta sana.