Kipepeo wa Mti wa Mswaki

Jina la Liboi likitajwa redioni, aghalabu hufuatana na habari za mpaka au kambi za Dadaab. Sisi tulikwenda huko kutafuta vipepeo. Tulingoja mvua za masika, ambazo Wasomali huziita Gu, kwani katika nchi kavu ile vipepeo hutokea pamoja na majani machanga.

Tuliyemtaka hasa ni Colotis phisadia. Ni mdogo, mabawa yake ya mbele yana rangi ya waridi iliyofifia, ya nyuma ni meupe, na ukingo wake ni mweusi. Anaye nduguye, Colotis amata, ambaye uwaridi huo umeenea mabawa yote manne. Kwa Kiingereza vipepeo hawa huitwa Waarabu, jambo lililomchekesha sana mama mwenyeji wetu. Viwavi wa wote wawili hula majani ya mti wa mswaki, uo huo tusugulio meno kabla ya swala. Wasomali huuita caday.

Basi hatukuzunguka nyika nzima. Tuliomba ruhusa kwa wakuu wa mahali, maana kamera mpakani huzua maswali, kisha tukaketi penye miswaki karibu na birika la kunyweshea ngamia. Hadi saa tatu asubuhi hakuna kilichoruka. Kipepeo hungoja jua limpashe joto. Ndipo madume wakaanza kutua topeni kando ya birika, wafyonze chumvi. Hapo mtu husogea kwa magoti, polepole, akichunga kivuli chake kisimwangukie kipepeo. Mabuibui yetu yalirudi yana rangi ya ardhi! Ilipofika adhuhuri tulikuwa na picha nyingi za amata, na ya phisadia hata moja hatuna.

Tulipomaliza kuswali, binti wa mwenyeji wetu alituashiria kwa kidole bila kusema neno. Alikuwa dume, amekaa juu ya kitawi, mabawa yakifunguka na kufungika. Tulipiga picha tatu, ya tatu ikatoka safi.

Lakini tulichokiona chini ya kichaka kile kilitushughulisha zaidi ya picha. Palikuwa na mashimo: watu wamechimba mizizi ya mswaki kwa kuuza.

“Tawi likikatwa huchipua,” alisema mama. “Mzizi ukitolewa, mti umekwisha. Nami siwezi kuwafukuza, wana watoto.”

Hatukuwa na la kumjibu. Kipepeo yule hana mti mwingine wa kukimbilia pale, na wanunuzi wa vijiti ni sisi, tuvipataye milangoni mwa misikiti kila Ijumaa. Tuliporejea nyumbani tulimwuliza muuzaji wetu kama vyake ni vya tawi au vya mzizi. Alivigeuza mkononi, akavitazama, akasema hajapata kuulizwa hivyo, na kwamba atamwuliza anayemletea.