TAHARIRI: Wanaochuja data watuonyeshe na machicha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2020 hapa Uingereza yalitokea ya ajabu zaidi: daftari lilikuwapo, na bado watu 15,841 walipotea ndani yake.

Hao ni wagonjwa wa korona waliopaswa kuingia katika takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Maabara zilituma majibu yao kwa taasisi ya afya ya umma ya wakati huo, Public Health England. Tatizo lilitokea pale majibu yalipotolewa kwenye faili za maabara na kuingizwa katika majedwali ya Excel ya mtindo wa zamani, yenye nafasi ya mistari 65,536 tu. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo jedwali moja lilijaa kwa wagonjwa wapatao 1,400. Waliozidi waliachwa nje, na kompyuta haikumwonya mtu.

Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao. Waliochelewa kupata habari ni wale waliokutana nao. Waziri wa Afya wa wakati huo, Matt Hancock, alipolieleza Bunge Oktoba 5, waliokwisha kuhojiwa na wafuatiliaji walikuwa asilimia 51 tu ya wagonjwa hao.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. Sisi hatukubaliani nao. Programu za kuunganisha data zinatumika leo katika hospitali, benki, uhamiaji na tume za uchaguzi. Zote huanza kwa kusoma data kutoka chanzo fulani, kisha huchuja: majina yaliyojirudia, namba zisizo sahihi, fomu zisizokamilika. Nyuma ya kila mstari unaotupwa huenda yupo mtu.

Kuchuja si kosa. Nyumbani tuliona umuhimu wake mwaka 2017, kampuni ya KPMG ilipokagua daftari la wapiga kura la Kenya, na majina 88,602 ya marehemu yakaondolewa. Lakini ukaguzi huo huo ulikadiria kuwa marehemu waliomo wangeweza kuzidi milioni moja. Tofauti hiyo inatokana na chanzo: vifo vingi haviandikishwi, na chujio haliwezi kukamata kisichoandikwa. Na ikiwa namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, aliye hai naye anaweza kuhesabiwa marehemu.

Mpishi wa pwani akichuja tui huyaona machicha yaliyobaki kwenye kifumbu. Taasisi zinazochuja habari zetu nazo zifanye hivyo. Kila siku zitoe hesabu tatu: mistari iliyosomwa, iliyopita na iliyokataliwa. Mbili za mwisho zikijumlishwa zisipolingana na ya kwanza, kazi isimame. Iliyokataliwa itunzwe pamoja na sababu yake, na mwenye jina apewe njia ya kuuliza na kusahihishiwa.

Hilo halihitaji mitambo ya gharama kubwa. Muuza duka yeyote wa Kariakoo hulinganisha mzigo ulioingia, uliouzwa na uliobaki kabla ya kufunga mlango. Serikali zinazoshika afya, kura na vibali vyetu haziwezi kudaiwa pungufu ya hapo.