Michango ya kila siku inavyoirejesha karo katika shule za msingi

KENGELE ya asubuhi inapolia mwanzoni mwa muhula, shughuli ya kwanza katika baadhi ya shule za msingi za umma huwa si hesabu wala kusoma. Baada ya gwaride, mwalimu wa darasa hufungua daftari na kuita majina. Kuna ambao hawajaleta pesa za karatasi za mtihani, kuna wanaodaiwa za mlinzi, na kuna ambao wazazi wao hawajatoa za mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule.

Jambo hili limezoeleka kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa habari. Hata hivyo, ndilo linaloamua ni mtoto yupi atakayekaa darasani wiki nzima, na ni yupi atakayetumwa nyumbani Jumanne na kurejea Alhamisi, wenzake wakiwa wamekwisha kuimaliza mada.

Yote haya hutendeka katika nchi ambayo elimu ya msingi ni ya bure.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 29, inapiga marufuku karo ya masomo kwa watoto wa Kenya katika shule za umma.

Sheria hiyo inakubali michango mingine, lakini kwa masharti. Sharti iidhinishwe na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Anayeipokea anapaswa kutoa risiti rasmi. La muhimu zaidi, hakuna mtoto anayeweza kuzuiwa kuhudhuria masomo kwa sababu michango hiyo haikulipwa.

Ni wazazi wangapi waliowahi kupewa risiti ya shilingi hamsini za mtihani?

Jibu jepesi ni kuwalaumu walimu wakuu. Bila shaka wapo wachache ambao wamegeuza michango kuwa kitega uchumi, na hao wanastahili kuchukuliwa hatua. Lakini anayekomea hapo hajafika kwenye kiini cha tatizo. Kiini kimo katika hesabu ambayo mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuifanya.

Hesabu isiyotimia

Elimu bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia, na Sh370 za matumizi ya jumla ya shule. Baadaye mgao huo ulipandishwa hadi Sh1,420, na hapo ukakwama. Ndio uliokuwa ungali ukitumika kufikia 2025, zaidi ya miaka ishirini baada ya mpango kuanza.

Mwaka wa masomo una takriban wiki 36. Ukigawanya Sh1,420 kwa wiki hizo, kila mtoto anapata chini ya Sh40 kwa wiki, yaani shilingi nane hivi kwa siku. Pesa hizo hazitoshi kununua andazi katika vibanda vingi vilivyo nje ya lango la shule.

Isitoshe, si shilingi zote hizo zinazofika shuleni. Tangu 2018, vitabu vya kiada vimekuwa vikinunuliwa na serikali kwa pamoja na kusafirishwa hadi shuleni. Mpango huo ulikomesha wizi mwingi wa pesa za vitabu, na watoto wengi walipata vitabu ambavyo hawakuwa navyo. Lakini ulimaanisha pia kwamba pesa anazozisimamia mwalimu mkuu zimepungua.

Mathalani, shule yenye wanafunzi 200 ingepokea Sh284,000 kwa mwaka iwapo mgao wote ungefika. Ikiwa inamlipa mlinzi Sh8,000 kwa mwezi, na mfanyakazi mmoja wa usafi kiasi hicho hicho, wawili hao watachukua Sh192,000. Zitakazosalia ni Sh92,000, sawa na Sh460 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima. Humo ndimo zitakamotoka pesa za maji, umeme, chaki, ukarabati wa vyoo, nauli ya timu ya michezo na karatasi za tathmini.

Tathmini nazo zimeongezeka chini ya mtaala wa umilisi. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) huweka maswali ya tathmini ya shuleni mtandaoni, na shule huyapakua na kuyachapisha zenyewe. Wino na karatasi ni mzigo wa shule. Shule isiyo na mashine ya kuchapisha hulazimika kwenda kulipia huduma hiyo sokoni, na gharama hiyo ndiyo humwangukia mzazi kwa jina la pesa za mtihani.

Kisha kuna suala la walimu. Kuwaajiri ni jukumu la Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na mgao wa Sh1,420 haukutengewa mishahara yao. Lakini mwalimu anapostaafu, kuhamishwa au kufariki, darasa lake halisubiri tume itangaze nafasi. Bodi ya usimamizi humwajiri kijana aliyehitimu chuo, na wazazi huombwa wachange ujira wake. Ni shida kumlaumu mwalimu mkuu anayefanya hivyo. Asipochangisha, darasa linakaa bila mwalimu. Akichangisha bila idhini, anavunja sheria.

Udogo wa shule huzidisha makali ya hesabu hii. Mgao hutolewa kwa kuhesabu vichwa, ilhali mlinzi halipwi kwa kuhesabu vichwa. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,000 ina nafuu fulani, kwa maana mlinzi mmoja anaweza kuilinda. Shule ya watoto 90 katika maeneo kame ya Turkana au Tana River inamhitaji mlinzi huyo huyo, na mara nyingi inalazimika kununua hata maji. Hivyo basi, shule zenye uhitaji mkubwa zaidi ndizo zinazobaki na kidogo zaidi, na ziko miongoni mwa wazazi wasio na cha kuchanga.

Tangu Januari 2023, tofauti nyingine imejitokeza ndani ya ua mmoja. Madarasa ya sekondari ya chini yalipowekwa katika shule za msingi, mgao wa mwanafunzi wa Gredi ya 7 ulikuwa Sh15,042 kwa mwaka. Mwenzake wa Gredi ya 6, anayesoma katika chumba cha pili na kunywa maji ya mfereji ule ule, alibaki na Sh1,420. Ni kweli kwamba masomo ya sekondari ya chini yanahitaji maabara na vifaa zaidi. Lakini ni vigumu kueleza jinsi mtoto yule yule anavyozidi thamani mara kumi kwa kuvuka likizo ya Desemba.

Historia inayojirudia

Kenya imewahi kuipita njia hii. Mnamo Desemba 12, 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ingeondolewa katika madarasa manne ya kwanza kuanzia mwaka uliofuata. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 1973 hadi takriban milioni 2.8 mwaka 1974.

Serikali haikuwa imejiandaa kwa ongezeko hilo. Madarasa yalijaa, walimu wakapungua, na kamati za shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi ili kuziba pengo. Katika sehemu nyingi pesa hizo zilizidi karo iliyokuwa imefutwa. Watoto wengi waliokuwa wamefurika shuleni walirudi nyumbani bila tangazo lolote.

Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliondoa ada zilizobakia na kuanzisha mpango wa maziwa ya shule. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini, sera ya kugawana gharama ilikuwa imemrudishia mzazi mzigo huo. Ndipo mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofungua milango kwa mara nyingine, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret, na ulimwengu ukamwona kama alama ya kiu ya elimu ya Wakenya.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba karo haikurejea kwa amri ya rais. Ilirejea shilingi kwa shilingi, kwa majina mbalimbali, kila mchango ukiwa na sababu ya haki. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilipojaa, mtoto wa maskini alijikuta nje.

Anayeumia

Shilingi hamsini si kitu kwa mwenye mshahara. Kwa mama anayefulia watu nguo, aliye na watoto watatu katika shule moja, hamsini za mtihani ni 150. Akiongezewa mia moja ya mlinzi kwa kila mtoto, deni ni Sh450. Akidaiwa pia ujira wa mwalimu wa bodi, analazimika kuchagua ni mtoto yupi atakayelipiwa kwanza.

Mtoto anayesubiri zamu yake nyumbani hapotezi masomo tu. Anajifunza kwamba umaskini wa kwao ni kosa, na kwamba kosa hilo husomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Rejista ya darasa huonyesha tu kuwa hakuwapo. Akirudia kukosa mara nyingi, huitwa mtoro, na akiacha shule kabisa lawama humwendea mzazi asiyejali.

Shule pia hupoteza. Mzazi mwenye uwezo huchoshwa na michango isiyoisha na kumpeleka mwanawe katika shule ya kibinafsi. Anapoondoka, anaondoka na sauti yake katika mikutano ya wazazi. Wanaobaki ni wale ambao ni vigumu kwao kumwuliza mwalimu mkuu pesa zimeendaje.

Wapo wanaosema kwamba wazazi sharti wachange, kwani serikali haina pesa za kutosha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haikuwa na uwezo wa kutoa mgao wote wa Sh22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari. Tamko hilo lilizua malalamiko, na viongozi wengine serikalini wakaharakisha kuwahakikishia Wakenya kuwa elimu ya bure ingeendelea.

Ukweli ni kwamba Wakenya hawajawahi kukataa kuchangia elimu. Shule nyingi nchini zilijengwa kwa harambee. Wanachokikataa ni kuchangia gizani, kwa kiasi wasichokiafiki, huku mtoto akishikwa kama rehani.

Mfano wa mchango unaoweza kukubalika upo jijini Nairobi. Chini ya mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi hulipa Sh5 kwa chakula cha mchana cha mtoto, na gharama iliyobaki hubebwa na wengine. Kiasi kinajulikana, hakibadiliki kwa matakwa ya mtu shuleni, na mtoto anakiona anacholipiwa kikiwa kwenye sahani.

Basi yapo mambo yanayoweza kufanywa. Kwanza, serikali inafaa iupime upya mgao wa shule za msingi kwa gharama za leo. Kila shule, iwe kubwa au ndogo, itengewe kiasi cha msingi cha kulipia mlinzi, maji na umeme, kabla ya wanafunzi kuhesabiwa. Pesa zifike wiki ya kwanza ya muhula, kwa kuwa shule inayofunguliwa bila pesa huanza kwa kuomba.

Pili, sharti la risiti litekelezwe. Kila mwalimu mkuu abandike ubaoni pesa zilizopokewa kutoka serikalini, zilizochangwa na wazazi na jinsi zilivyotumika. Mwalimu mwaminifu hatadhurika kwa hilo. Atapata kinga dhidi ya uvumi.

Tatu, na hili halihitaji bajeti, deni la mzazi lizungumzwe na mzazi. Maafisa wa elimu wa kaunti ndogo wana mamlaka ya kuhakikisha kuwa hakuna mtoto anayeitwa jina, kusimamishwa au kutumwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Sheria inayolinda haki hiyo imekuwapo tangu 2013, na kuitekeleza hakuigharimu hazina hata senti.

Serikali na walimu wakuu wataendelea kuvutana kuhusu nani alipe nini, na kila upande una hoja yake. Lakini wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mtoto wa Gredi ya 4 hakuupanga mgao, hakumwajiri mlinzi, na hana shilingi hamsini. Alichopewa na Katiba ni kiti darasani, na hicho hakipaswi kuwa na bei.