Kioo Kimekufa: Neno Moja kwa Maradhi Mengi

Katika vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta, kuanzia Bondeni hadi Barabara ya Digo, hakuna hukumu inayotolewa kwa wepesi kama hii: kioo kimekufa. Mwalimu huja na kipakatalishi chake, akakiwasha, taa ndogo ikawaka, feni ikavuma, na kioo kikabaki cheusi. Mwenyewe husema kimekufa, fundi naye huafiki, na bei ya kioo kipya hutajwa papo hapo. Iwapo mashine hiyo inaendeshwa na Linux, huongezwa nasaha ya pili, kwamba programu hizi za bure ndizo zilizoiharibu na yafaa zifutwe zote.

Mimi si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni isimu, na ni kwa jicho la isimu ninapodai kwamba kosa la kwanza hapa ni la lugha kabla ya kuwa la ufundi. Kitenzi kufa, kikishavikwa kiambishi -me-, hakisimulii kilichotukia, hufunga mjadala. Aliyekufa huzikwa, haulizwi anaumwa wapi. Sivyo walivyosema mabaharia wa Mji wa Kale. Nahodha aliyeingia Bandari ya Kale na chombo kibovu hakumwambia fundi kwamba jahazi limekufa. Alisema foromali imevunjika, au tanga limechanika, au mkuku umeliwa, na fundi akajua achukue zana gani. Na wasemaji wa Kimvita, ambao ndimi zao hutofautisha t ya menoni na t ya ufizini, hawashindwi kutofautisha giza moja na jingine.

Kwani giza la kioo si moja. Kuna giza ambalo picha ipo lakini taa iliyo nyuma yake imezimika. Msomaji anaweza kulitambua kwa tochi: zima taa za chumba, washa kompyuta, kisha mulika kioo kwa mshazari. Ukiona maandishi hafifu, kama yaliyoandikwa kwa moshi, basi picha inafika, na kilichokosekana ni mwangaza. Huenda ni hitilafu ya taa yenyewe, na huenda kiwango cha mwanga kimeshushwa hadi sifuri tu. Kuna giza la waya. Waya mwembamba wa picha hupita penye bawaba, na kila ufunguapo na kufunga hukunjika. Kioo kikipepesa au kuwaka kwa pembe fulani tu, mtuhumiwa wa kwanza ni huo waya. Iunganishe kompyuta na televisheni au skrini nyingine. Picha ikitokea huko, sehemu inayotengeneza picha ni nzima, na ubovu unatafutwa kati yake na kioo.

Giza la tatu ndilo linaloisingizia Linux, na mara nyingine huisingizia kwa haki. Dalili yake ni ya wazi: nembo ya mtengenezaji huonekana vizuri unapowasha, kisha giza huanguka pale mfumo unapoanza kupakiwa. Kioo kilichoonyesha nembo hakijafa. Kilichotokea ni kwamba kiini cha mfumo kimejaribu kuishika kadi ya picha kwa draiva isiyoafikiana nayo. Tiba ya kwanza haigharimu hata shilingi. Mara tu baada ya kuwasha, shikilia kitufe cha Shift, au katika mashine za karibuni gusa Esc, hadi orodha ya mwanzo itokee. Kama giza lilianza baada ya kusasisha mfumo, chagua humo kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida huwa kimehifadhiwa. Kama halikuanza hivyo, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, ruka nafasi moja, uandike nomodeset, kisha ubonyeze F10. Neno hilo, ambalo ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyobanwa kuwa moja, hukiagiza kiini kisijitwalie mamlaka ya kupanga picha, bali kiiache kama kilivyoikuta. Agizo hilo ni la safari moja tu. Ukiwasha tena limesahaulika, kwa hiyo halina hatari. Picha yaweza kuwa ya kukwaruza na nzito, lakini utaona, na ukiona utaweza kuweka draiva inayofaa.

Ugomvi wa draiva una historia yake. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, watengenezaji wengi wa kadi hawakutaka kufichua jinsi zinavyofanya kazi. Waandishi wa programu huria ikawabidi wakisie kwa kupima. Mwaka 2012 Torvalds aliitukana kampuni ya NVIDIA hadharani kwa sababu hiyo, kwa tusi nisiloweza kulitafsiri katika gazeti lisomwalo na wanafunzi. Ilikuwa hadi mwaka 2022 kampuni hiyo ilipotoa wazi sehemu ya draiva yake.

Kwa nini haya yawahusu walimu? Kwa sababu mnamo Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizo imara haziwezi kubeba toleo linalofuata. Kwa shule isiyo na fedha ya kununua upya, Linux ndiyo njia ya kuziokoa. Je, zitatupwa kwa kuwa hatuna maneno ya kueleza zinavyougua?

Hatukukosa kuanza. Mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ikadhihirika kwamba menyu na maagizo yanaweza kusomeka kwa Kiswahili kisichochechemea. Lakini tafsiri ya menyu hailisaidii giza. Ujumbe wa kiini hutolewa kwa Kiingereza, na msaada uliofichwa ndani ya kompyuta haufai kitu pale kioo chake kinapokuwa cheusi. Kinachotakiwa ni mwongozo wa karatasi, kurasa mbili au tatu, wa kubandikwa ukutani katika chumba cha kompyuta: hili giza la taa, hili la waya, hili la draiva, na kila moja kipimo chake.

Mwongozo huo hauhitaji kamati ya istilahi. Tunaweza kutumia maneno ya vibandani yenyewe, kioo, waya, bawaba, mwanga, na kukopa draiva kama tulivyokopa feni. Idara za Kiswahili na za kompyuta katika vyuo vya Pwani zingeweza kuwapa wanafunzi wao kazi hiyo kwa pamoja katika muhula mmoja: wa kompyuta wapime, wa Kiswahili waandike, kisha rasimu ipelekwe Bondeni isomwe na mafundi wenyewe, wafute yale yasiyosemwa na mtu.