MASHAURI YA NYUMBANI: Mawimbi Yagombanapo

Mwezi huu twaanza na kosa tulilolitenda sisi wenyewe, ili ninyi msilitende.

Kwetu Jumapili jioni ni saa ya kuongea na ndugu yetu aliye ng'ambo, nasi hutazamana naye kwa simu iliyoungwa na waifai. Majuma kadha wa kadha mazungumzo yalikatika karibu na saa ya chakula: sura yake ikaganda, sauti ikapotea, na bibi akabaki akiliita jina lake bila kujibiwa. Tukamshika kijana wetu, tukasema mbele ya bibi, "Ndiwe uvutaye sinema kwa siri." Akakana, hatukumsadiki, tukamnyang'anya simu yake. Jumapili iliyofuata simu hiyo ilikuwa kabatini, na mazungumzo yakakatika vilevile. Ndipo kijana aliposema kwa upole, "Baba, hebu sikiliza jikoni." Tukasikiliza: jiko la maikrowevu lilikuwa likinguruma. Lilipozimwa, sura ya ndugu yetu ikarudi.

Maelezo yake ni haya. Waifai ya kawaida husafiri kwa mawimbi ya redio yapigayo zaidi kidogo ya mara bilioni 2.4 kwa sekunde moja, na jiko la maikrowevu hupasha chakula moto kwa mawimbi ya namna iyo hiyo, karibu mara bilioni 2.45. Mwaka 1947 mataifa yalikutana Atlantic City, Marekani, yakatenga masafa hayo kwa kazi za viwanda, sayansi na tiba. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ikaruhusu vyombo vya mawasiliano navyo viyatumie bila leseni, na nchi nyingine zikafuata. Basi masafa hayo ni kama uwanja wa soko: kila mtu aweza kusema, wala hapana awezaye kumnyamazisha mwenziwe. Jiko hufanya kazi kwa nguvu ya wati 800 au zaidi, na ruta, kile kisanduku kitawanyacho waifai, mara nyingi hutuma kwa sehemu ndogo tu ya wati moja. Mawimbi machache yapenyayo katika jiko lisilo na hitilafu hayamdhuru mtu, lakini yatosha kuifunika sauti ya ruta iliyo karibu.

Wengine wamesumbuka kuliko sisi. Katika kijiji cha Aberhosan, Wales, kwa muda wa miezi 18 intaneti iliyokuja kwa waya za simu ilikuwa ikipotea kila siku saa moja asubuhi. Waya zikabadilishwa, isifae kitu. Mwaka 2020 mafundi wakazunguka kijijini alfajiri na chombo cha kupimia mawimbi. Ilipotimia saa moja, kikapokea kelele ya umeme kutoka nyumba moja. Mwenye nyumba alikuwa akiwasha televisheni yake kuukuu, wala hakujua kabisa kwamba anawaudhi jirani zake. Alipoambiwa aliona haya sana, akaahidi papo hapo kutoiwasha tena.

Basi, mkipatwa na shida kama hii, fanyeni hivi kabla ya kumshtaki mtu:

Kwanza, andikeni saa ambazo mawasiliano hukatika. Saa ikirudia, huenda chombo fulani huwashwa wakati huo.

Pili, zimeni vyombo kimoja kimoja: jiko la maikrowevu, spika zisizo na waya, chombo cha kumsikilizia mtoto mchanga, hata diski ya USB 3 iliyowekwa ubavuni mwa ruta, kwani waya wake huweza kutoa kelele katika masafa yayo hayo.

Tatu, wekeni ruta mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na jiko. Hatua chache zafaa sana.

Nne, ruta yenu ikiwa na njia mbili, tumieni ile ya 5 kwa mazungumzo, jiko haliigusi. Lakini kaeni karibu nayo, kwa kuwa haipenyi kuta vizuri kama ile ya 2.4.

Tano, jirani wa ukuta mmoja na wapatane. Katika 2.4, namba za njia 1, 6 na 11 haziingiliani. Kila nyumba na ichague yake.

Sisi tuliihamisha ruta kutoka juu ya kabati la jikoni hata sebuleni, na tangu hapo bibi huongea na mwanawe mpaka achoke mwenyewe. Kijana tulimrudishia simu yake, tukamtaka radhi. Tulifanya hivyo mbele ya bibi, kwa kuwa mbele yake ndipo tulipomshtaki.