Baraza ya Nyumba ya Zamani

Katika mitaa ya zamani ya Lubumbashi, kama vile Kamalondo na Ruashi, zingalipo nyumba zilizojengwa siku mji ulipoitwa Elisabethville, jina lililobadilishwa mwaka 1966. Mbele ya mlango aghalabu mna baraza. Watu wa huku husema barza, na hata Wabelgiji walilitia neno hilo katika Kifaransa chao. Ndipo mgeni apokewapo, bibi achambuapo sombe, na watoto wasomapo mpaka giza liingie.

Baraza yetu ilitegemezwa na nguzo nne za mti. Moja ilianza kuliwa na mchwa chini. Nasi tulifanya nini? Tuliipaka rangi. Mwaka wa pili tukaipaka tena, na wageni wakaisifu. Mwezi wa Januari, mvua ikinyesha kwa nguvu, mtoto wetu aliiegemea, ikakatika. Paa likainama, likazuiwa na nguzo ya pili. Mtoto alisalimika kwa shibiri moja tu. Rangi ile haikuwadanganya mchwa, ilitudanganya sisi.

Basi tulijenga upya, na tuliyojifunza ni haya. Kwanza, kazi hii ni ya kiangazi, tangu Mei hata Septemba, kwa maana mvua za Katanga hazimpi fundi nafasi. Pili, nguzo isiondolewe hata moja kabla ya kulitegemeza paa kwa miti imara. Tatu, mti usigusane na udongo: nguzo isimame juu ya kitako cha zege kilichoinuka kuliko sakafu, ishikwe kwa chuma. Nchi yetu ni nchi ya vichuguu vikubwa, na udongo wake twaufanyia matofali. Mchwa si mgeni kwetu. Nne, sakafu iteremke kidogo kwenda nje, yapata sentimeta 2 kwa kila meta 1, maji yasirudi ukutani.

Jambo moja lilikaribia kututenga. Mwana wetu mkubwa alisema, "Baba, tuizibe baraza kwa matofali, tupangishe duka." Fedha tulizihitaji kweli, kwani karo ya shule ilikuwa haijatimia. Lakini mama yake akamwuliza, "Na bibi yako ataketi wapi?" Kijana akanyamaza. Baada ya siku mbili alianza kujenga kibanda cha mbao kando ya ua, kwa mbao zilizosalia. Baraza ikabaki wazi, na karo ya muhula ule tukailipa kwa mafungu mawili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Basi leo, kabla hamjaketi barazani, twaeni kisu mkichome chini ya kila nguzo. Kikiingia kwa urahisi, msinunue rangi.