Visima vya Iramba vipimwe aseniki kabla ya maradhi

KATIKA kata ya Ulemo, wilayani Iramba, kama ilivyo kwingi mkoani Singida, maji ya kisima ndiyo uhai. Mwananchi huyapima kwa jicho na kwa ulimi: yakiwa maangavu na hayana chumvi, huridhika. Lakini ipo sumu isiyoonekana wala kuonjeka majini, nayo ni aseniki.

Suala hili linaihusu Iramba kwa kuwa ni wilaya ya dhahabu. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi wilayani humo.

Sehemu nyingi duniani, dhahabu hukaa pamoja na madini yenye aseniki. Mwamba ukishasagwa na mabaki yake kuachwa kwenye hewa na mvua, sumu hiyo huweza kuyeyuka na kufika mitoni na visimani.

Nchini Tanzania hili si jambo la nadharia. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, na mwaka huohuo watafiti kutoka Norway waliripoti viwango vya juu vya aseniki jirani na mgodi huo. Tafiti za baadaye katika mikoa ya Geita na Mara zilikuta vyanzo vya maji vilivyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), yaani mikrogramu 10 kwa lita.

Ni kweli kwamba aseniki ina manufaa. Wakati wa ukoloni iliua kupe majoshoni, na hadi sasa hutumika kukinga nguzo za mbao dhidi ya mchwa.

Hata melarsoprol, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi kutibu malale yaliyofika kwenye ubongo, ina aseniki. Takriban wagonjwa watano kati ya 100 waliotibiwa nayo walifariki kwa madhara yake. Ni mwaka 2024 tu WHO ilipopendekeza fexinidazole kwa malale ya Afrika Mashariki.

Ikiwa dozi iliyopimwa na daktari huua, itakuwaje kwa ile isiyopimwa na mtu?

Anayeinywa kidogo kidogo kwa miaka hupata madoa ya ngozi, viganja na nyayo hukakamaa, na hatimaye anaweza kupata saratani ya ngozi, kibofu au mapafu. Kuchemsha maji hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, sumu hubaki.

Bangladesh ilichimba visima kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na magonjwa ya kuhara. Miaka ya 1990 ndipo ilipobainika kuwa mamilioni walikuwa wakinywa aseniki.

Hoja si kudai kwamba visima vya Ulemo vina sumu. Hoja ni kwamba jibu hupatikana maabara, si kikombeni. Wizara ya Maji ina maabara zake, na RUWASA ndiyo yenye dhamana ya maji vijijini. Kila kisima kirefu katika maeneo ya dhahabu kipimwe aseniki kabla ya kukabidhiwa kwa wananchi, kipimwe tena baadaye, na majibu yabandikwe katika ofisi ya kijiji. Marudio ya wachimbaji nayo yawekwe mbali na vyanzo vya maji.

Gharama ya kupima kisima ni ndogo. Gharama ya kuchelewa hulipwa na watoto wanaokunywa maji hayo leo.